Flati kubwa ya zamani: sauti ipo, picha hakuna. Tupime nini kabla ya kukubali kwamba kioo kimekufa?

KibandaMoro:
Wakuu, habari za majukumu. Nina kibanda cha kuonyeshea mpira hapa Morogoro na kazi yote inabebwa na flati moja ya inchi 55, LED, ambayo karatasi ya nyuma inasema imetengenezwa 2013. Niliinunua ikiwa imeshatumika. Juzi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Tangu hapo ukiwasha, nembo inaonekana kwa sekunde mbili hivi halafu kioo kinakuwa cheusi tii. Sauti inaendelea vizuri, rimoti inabadilisha chaneli, king'amuzi hakina shida. Fundi wa kwanza aliitazama kwa nje tu akasema kioo kimekufa, na bei ya kioo aliyonitajia inakaribia bei ya TV mpya. Ligi inaendelea na wateja wananiuliza kila siku. Kabla sijatoa hela naomba mafundi mnisaidie, kuna namna ya kujua kama kweli ni kioo?

FundiRadi:
Pole mkuu. Usinunue kioo. Dalili ulizoeleza ni za taa za nyuma, na kuna kipimo ambacho hakihitaji hata bisibisi. Subiri giza liingie au zima taa za chumbani, washa TV, fungua menyu ili kuwe na maandishi, kisha mulika kioo kwa tochi kali ukiisogeza karibu kabisa na kuilaza upande kidogo. Ukiona maandishi ya menyu au vivuli vya wachezaji vinatembea mle ndani, basi kioo kizima, tikoni (bodi ndogo inayokiendesha kioo) nzima, na mainbodi inatoa picha. Kilichokosekana ni mwanga.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Kioo cha LCD hakitoi mwanga hata kidogo. Kazi yake ni kuupitisha au kuuzuia mwanga unaotoka nyuma yake. Na TV zinazouzwa kwa jina la LED ni LCD zilezile, isipokuwa nyuma wameweka vijitaa vya LED mahali palipokuwa na ile mirija myembamba ya CCFL. Kwa hiyo TV inaweza kuwa inachora picha nzuri kabisa gizani na wewe huioni.

Zile sekunde mbili nazo zina maana yake. Taa hizo zimeungwa mfululizo, mkondo unapita kwenye moja kwenda nyingine, kama taa za mapambo ya Krismasi za zamani. Ikikatika moja, mstari mzima unazimika. Draiva, yaani saketi inayozipa taa umeme, inapowashwa inapandisha volti, ikikuta mkondo haupiti inavyotakiwa inajizima ili isiungue. Ndiyo maana ukizima na kuwasha tena, nembo inatokea na kupotea vilevile.

KibandaMoro:
Asante sana mkuu. Nimefanya sasa hivi na tochi ya simu. Nimeona maandishi ya menyu! Hafifu lakini yanasomeka. Nifanye nini kinachofuata?

FundiRadi:
Safi. Kioo chako kizima. Sasa tafuta fundi anayekubali kuipima mbele yako kwa mita, na umwambie aanze na njia ya umeme wa taa kabla hajagusa kioo. Kwenye pawa saplai utaona maandishi madogo kando ya pini: PS-ON (kuwasha pawa), BL-ON (kuwasha taa za nyuma), DIM au PWM (kurekebisha mwanga). TV ikiwashwa, BL-ON inapaswa kupanda, mara nyingi karibu na volti 3. Hiyo ni amri ya mainbodi kusema "washa taa". Amri isipokuja, tatizo liko mainbodi. Ikija, aweke mita kwenye plagi inayokwenda kwenye stripu za LED, vile vibao vyembamba vyenye taa. Volti ikipanda juu ghafla halafu ikaanguka, draiva imejitahidi na kukuta njia imekatika, kwa hiyo tatizo ni stripu. Volti isipopanda kabisa huku BL-ON ipo, draiva yenyewe ndiyo mbovu, au kuna shoti mbele yake.

Angalizo kwa mwenye mita: plagi hiyo inaweza kupanda zaidi ya volti 100 kutegemea taa ni ngapi kwenye mfululizo. Si mahali pa kushika kwa vidole kwa kudhani kwamba LED ni kitu cha volti ndogo.

Luthuli254:
Wadau, niongeze neno la usalama kutoka Nairobi, kwa sababu naona vijana wengi wanafungua runinga wakiwa wametazama video moja tu. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita kubwa, imeandikwa volti 400 au 450. Runinga ikiwa imewashwa, ndani yake huwa na volti 300 na kitu, na kwenye runinga kubwa hufika karibu 400. Ukichomoa waya ukutani chaji haiondoki papo hapo. Nimemwona jamaa akitupwa na kitu ambacho hakikuwa kwenye stima kabisa.

Iue chaji kwanza. Tumia resista ya omu 2,000 ya wati 10, au balbu ya zamani ya wati 60 yenye nyuzi, ushike kwa waya zenye maganda mazuri. Halafu pima kwa mita kuhakikisha imeshuka. Usitumie bisibisi kupiga shoti, cheche ile inaweza kuharibu bodi na kukurukia machoni.

MamaSinza:
Naomba na mimi nisaidiwe hapahapa. Yangu ni LCD ya inchi 42, nzito, ya zamani zaidi, kama 2008. Asubuhi ikiwashwa picha inakuwa na wekundu fulani na giza, ikikaa inapata mwanga. Siku hizi inawaka halafu inazima picha, sauti inabaki. Pia inachelewa kuwaka, kile kitaa cha mbele kinapepesa muda mrefu kwanza.

FundiRadi:
Dada, yako ina mambo mawili tofauti na usikubali yachanganywe kwenye bei moja.

Wekundu wa asubuhi ni mirija ya CCFL iliyochoka. Mirija hiyo inataka zaidi ya volti 1,000 kuanza kuwaka, na inazalishiwa na bodi inayoitwa inveta. Mrija mmoja ukichoka sana, inveta inaona kasoro na kuizima yote. Tochi itakuonyesha picha ileile gizani. Mirija mipya ya saizi yako ni shida kuipata siku hizi. Kuna stripu za LED za kubadilishia zinazokuja na draiva yake, zinafanya kazi, lakini kwenye inchi 42 mwanga hautasambaa sawasawa kama zamani. Mimi huwa nawaambia wateja ukweli huo kabla ya kufungua.

Hilo la kuchelewa kuwaka namwachia Luthuli254, ni eneo lake.

Luthuli254:
Hiyo ya kupepesa na kuchelewa, nenda moja kwa moja kwenye kapasita za upande wa volti ndogo za bodi ya pawa. Runinga za kipindi hicho zilikuwa na ugonjwa huu sana. Tafuta zilizovimba kichwani au kuvuja maji ya kahawia chini. Mara nyingi ni za mikrofaradi 1000 volti 10 zilizowekwa kwenye njia ya volti 5, karibu na hitisinki (bati la kupoza), mahali pa joto. Badilisha kwa thamani ileile ya mikrofaradi, volti ipande hadi 16 au 25 kama nafasi inatosha, na lazima ziwe za nyuzi 105 na za aina inayofaa kwa pawa saplai. Za nyuzi 85 za redio ya bei rahisi zitavimba tena. Na isiyovimba si lazima iwe nzima, kama una mita ya ESR, ile inayopima ukinzani wa ndani wa kapasita, itumie.

Kazi hii ni ya bei ndogo. Spea unazipata kwa maduka ya Luthuli Avenue, na huko kwenu Kariakoo sidhani mtakosa.

MamaSinza:
Nashukuru sana wote. Nitaanza na kapasita.

Mzalendo_wa_Tanga:
Mimi yangu ina mistari. Mstari mmoja mwembamba wa kijani kutoka juu hadi chini, na upande wa kulia kuna kipande kizima kimefifia. Mwanga upo. Nimebadilisha waya wa HDMI, nimebadilisha hadi king'amuzi.

FundiRadi:
Mkuu, fungua menyu ya TV yenyewe, siyo ya king'amuzi. Mstari ukikatiza juu ya menyu, basi acha kununua waya. Tatizo liko kuanzia tikoni kwenda kwenye kioo. Menyu ikiwa safi na picha tu ndiyo mbovu, hapo rudi kwenye chanzo. Kipimo hiki cha menyu kingewaokoa watu wengi sana, maana kuna wanaobadilisha hata dishi.

Tena kuhusu chanzo: picha inayoganda na kukatika miraba miraba ni mawimbi hafifu, antena au dishi, wala si TV. Chenga zile tulizozoea zilikuwa za analojia, na Dar es Salaam mitambo ya analojia ilizimwa 31 Desemba 2012. Flati yako ya zamani ikionyesha chenga kwa antena ya moja kwa moja, kitafutia chaneli cha ndani hakijafa, hakina cha kupokea.

Sasa mistari. Mstari mmoja wa wima wa rangi moja kwa kawaida ni mguso uliokatika pale zile bawa nyembamba za plastiki zenye chipu zinapogandishwa kwenye kioo. Kipande kizima kilichofifia kinaweza kuwa bawa moja limepoteza mawasiliano, au waya bapa kati ya tikoni na kioo umelegea. Anza na rahisi: zima, chomoa ukutani, ondoa waya bapa, safisha midomo yake kwa spiriti ya isopropili, acha ikauke, rudisha ukihakikisha umeingia sawa pande zote. Kipande kinaweza kurudi. Mstari wa kijani nadhani hautaondoka kwa njia hiyo.

MwanaMjini_Unguja:
Assalaam alaykum. Hapo kwenye waya bapa naomba nisisitize kwa wenzangu wa pwani. Huku kwetu Unguja, na nadhani Tanga na Mombasa ni vivyo hivyo, hewa ya chumvi inakula pini za shaba mpaka zinakuwa kijani. Nyumba iliyo karibu na bahari na madirisha wazi, TV iliyotundikwa ukutani inaoza kimyakimya kwa nyuma. Nimefungua TV nyingi za mistari nikakuta hakuna kilichoungua, ni kutu tu kwenye soketi ya tikoni. Safisha kwa spiriti na brashi laini, na pini iliyoliwa kabisa ibadilishiwe soketi.

Jambo jingine ni wadudu na mijusi. Mjusi hupenda joto la pawa saplai, akilala juu ya miguu ya volti kubwa anakufa yeye na fyuzi. Mende na sisimizi hujaa pembeni mwa kioo, na mkojo wao unaozesha zile bawa za chini. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye matundu ya TV. Inaingia kati ya matabaka ya kioo na kuacha madoa yasiyotoka.

Mzalendo_wa_Tanga:
Wakuu nimesafisha kama mlivyosema. Kipande cha kulia kimerudi! Mstari wa kijani bado upo.

FundiRadi:
Vizuri. Huo mstari ukitaka kuuondoa, unahitaji mashine ya kugandisha bawa kwa joto na shinikizo. Wapo wenye nayo Dar. Uliza kwanza wanakupa dhamana ya muda gani, na wakikataa kutoa dhamana, ishi na mstari. Wale wanaobonyeza fremu au kuchomeka kipande cha mpira pale pembeni ili mguso ushike, nawasihi waache. Unarudi kwa wiki chache kisha kioo kinapasuka, na hapo hakuna fundi.

KibandaMoro:
Nimerudi na mrejesho. Fundi wa pili amepima mbele yangu kama mlivyoelekeza. BL-ON ilikuwepo, volti ya taa ilipanda na kuanguka. Amefungua, stripu moja ina taa iliyoungua mpaka lenzi imebabuka, nyingine mbili zina taa zilizobadilika rangi. Anauliza abadilishe ile taa moja tu au seti yote. Bei ya seti ni kubwa zaidi lakini haifiki hata robo ya kioo.

FundiRadi:
Seti yote. Taa zilizobaki zina umri uleule na zimekula joto lilelile. Ukibadilisha moja, itakayofuata itakufa baada ya muda mfupi na utalipia kufunguliwa upya, na kila kufungua ni hatari kwa kioo.

Mwambie apige picha ya namba iliyochapwa kwenye stripu, ahesabu taa kwa kila stripu na apime urefu wake. Usikubali kununua kwa jina la TV tu, kwa sababu modeli moja inaweza kuwa na aina mbili au tatu za stripu. Muhimu kuliko yote ni volti ya kila taa. Kuna za volti 3 na za volti 6. Ukiweka za 6 mahali pa 3, draiva haitafika. Ukiweka za 3 mahali pa 6 zinaweza kuungua, au draiva ikajizima. Pia aangalie chanya na hasi kabla ya kubandika, zipo stripu zinazofanana sura lakini alama zimegeuzwa.

Kwenye kurudisha kioo wawe watu wawili, meza iwe na blanketi safi, na kioo kinyanyuliwe kwa pembe zote pamoja. Asishike upande wenye bawa. Karatasi za kusambaza mwanga zirudi kwa mpangilio uleule na upande uleule, zikigeuzwa picha inakuwa na vivuli.

Na hili ni la kibanda hasa. TV yako inawaka tangu mchana hadi usiku, kwenye banda la bati, na nina hakika mwanga umewekwa 100. Joto ndilo linaloua LED. Ingia kwenye menyu, mwanga wa nyuma uwe 50 au 60, na kama imekaa kwenye hali ya duka iondoe, hiyo ni ya kung'arisha TV dukani. Fundi akiwa mzoefu anaweza kubadilisha resista zinazopima mkondo kwenye draiva ili mkondo upungue kama robo. Macho hayatagundua tofauti kubwa, lakini taa zitadumu zaidi. Kisha weka kinga ya umeme yenye kuchelewesha, ile inayosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuipa TV.

KibandaMoro:
Nimemsomea yote. Amekubali seti nzima na kupunguza mkondo. Jumamosi tunaonyesha mechi kama kawaida.

BintiMwanza:
Naomba kuuliza. Yangu inchi 50 haina giza, ila kuna viduara vyeupe vikali vimetawanyika, vinaonekana zaidi picha ikiwa nyeupe. Nimeambiwa ni kioo.

FundiRadi:
Hapana dada, si kioo. Kila taa ya LED kule nyuma ina kifuniko cha plastiki kinachotawanya mwanga, ile lenzi. Gundi yake ikichoka kwa joto, lenzi inaanguka na taa inapiga moja kwa moja. Kila kiduara ni lenzi moja iliyoanguka. Huwa zimejikusanya chini ndani ya TV, hazijapotea. Zinabandikwa upya mahali pake, na gundi iwe inayovumilia joto. Super glue ya kawaida huacha ukungu mweupe kwenye plastiki, asiitumie. Kama taa zenyewe zimeanza kuwa na rangi ya zambarau, usilipie lenzi peke yake, badilisha stripu kwa pamoja.

Kijana_wa_Arusha:
Mimi nimebadilishiwa mainbodi na sasa nyuso za watu zinaonekana kama picha ya hasi, rangi zimejaa madoa. Kabla ya hapo picha ilikuwa nzuri, shida ilikuwa HDMI tu.

Luthuli254:
Hapo usiguse kioo wala tikoni. Mainbodi hiyo imetoka kwenye runinga yenye paneli tofauti na yako. Mpangilio wa data unaokwenda kwenye paneli haufanani, ndiyo maana rangi zimevurugika. Fundi aingie kwenye menyu ya ufundi abadilishe aina ya paneli au mpangilio wa LVDS (njia ya data kutoka mainbodi kwenda kwenye paneli), na kabla ya kugusa chochote apige picha kila ukurasa wa menyu hiyo. Kama chaguo halipo, arudishe programu inayolingana na namba ya paneli yako. Namba hiyo iko kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya kioo chenyewe, si ile ya kifuniko cha nje. Kama angekuwa hajagusa mainbodi ningesema apime volti za tikoni, lakini kwa historia yako sioni sababu.

MTZ_Ohio:
Wakuu, uzi mzuri sana. Niko Marekani, jirani mzee anahama amenipa TV ya inchi 60 ya aina ya DLP, lile sanduku kubwa linalokaa chini. Picha imefifia na ina vidoti vyeupe vingi ambavyo havisogei. Nimeona taa yake inauzwa mtandaoni. Nikinunua taa vidoti vitaondoka?

FundiRadi:
Taa mpya itarudisha mwanga. Vidoti vitabaki, tena vitaonekana vizuri zaidi.

Mashine hiyo ni ya jamii nyingine kabisa. Ndani kuna chipu ya Texas Instruments yenye vioo vidogo mno, mamia ya maelfu, kila kimoja kikijipinda kuupeleka mwanga kwenye skrini au kando. Aliyeibuni ni Larry Hornbeck mwaka 1987, na mimi bado naiona kazi ya ajabu. Kioo kimoja kikikwama upande wa kuwaka, unapata kidoti cheupe kisichosogea. Kikikwama upande wa kuzima, unapata cheusi. Vikishaanza huwa vinaongezeka. Dawa ni kubadilisha chipu, na kwa mtu mwenye utulivu inawezekana, inashikwa na soketi na skrubu, pamoja na kupaka upya grisi ya joto.

Kwa hiyo piga hesabu ya taa na chipu pamoja, usinunue taa kwanza. Sikiliza pia inapowaka: mlio mwembamba wa kusaga ni gurudumu la rangi linaloisha beringi, na hicho ni kifaa cha tatu. Mitsubishi, ambao ndio walikuwa wa mwisho kuzitengeneza, waliacha 2012, kwa hiyo angalia kama taa inayouzwa ni balbu halisi au nakala ndani ya fremu mpya. Ukikuta vyote vitatu vinahitajika, mwambie mzee asante na uiache.

MTZ_Ohio:
Nimeisikiliza. Mlio upo.

FundiRadi:
Iache mkuu. Kama ina balbu inayowaka bado, kuna watu huko wanazitunza na watakuja kuichukua kwa ajili ya spea.